Sakafu Bubu

Wachezaji walikuwa wamepeana migongo katikati ya jukwaa jipya, wamefumba macho, na hakuna hata mmoja aliyejua wenzake wako wapi. Wa kwanza aligeuka mapema, wa pili akamkanyaga, wa tatu akampiga mwingine kiwiko cha mbavu. Wakasimama wakihema, wakamtazama mwanamke aliyeketi safu ya mbele, mkongojo umelazwa magotini.

"Mama," akasema mrefu kuliko wote, ambaye kwa wembamba wake walimwita Kamba, "tusikilize nini?"

Mwanamke huyo aliitwa Mama Vishindo. Jina hilo alibandikwa na gazeti miaka mingi iliyopita, alipothubutu kupandisha katika ukumbi huu huu dansi isiyo na ngoma, isiyo na wimbo. Nyayo tupu juu ya mbao. Mwandishi alilalamika kwamba alikwenda kutazama dansi, akaambulia vishindo. Watazamaji wengi walitoka kabla ya mwisho, wengine wakicheka. Naye aliyekusudiwa kuaibika aliliokota jina lile, akalipangusa vumbi, akalivaa. Tangu hapo alifundisha kwa namna moja tu: hapakuwa na kuhesabu, hapakuwa na kutupiana jicho. Mchezaji aliijua zamu yake kwa kusikia nyayo za mwenzake zikigonga ubao, kama mtu aliyelala anavyojua ni nani kapita nje ya mlango wake.

Sasa ubao haukuwapo. Ukumbi uliomcheka ulikuwa umeamua kumtukuza, na kwa heshima yake ukalitandika jukwaa mpira mweusi, mnene, wa kumeza kila sauti.

"Mpira huu tumeuagiza kwa ajili yako, Mama," alisema meneja wa ukumbi, kijana mwenye suti iliyonyooka na adabu iliyonyooka zaidi. "Magoti ya wachezaji hayataumia. Tumeugandisha kwa gundi, hautoki ng'o."

"Ahsante, mwanangu."

"Na kuhusu sauti ya nyayo, usitie shaka. Fundi mitambo ataweka muziki laini, chini kwa chini. Watu wa siku hizi kimya kinawatisha."

Mkono ulimfinya Mama Vishindo pajani. Ulikuwa wa dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyekuwa akipinda pindo la vazi la mwisho. Kila vazi la dansi hii lilitoka mikononi mwake, lakini dansi yenyewe hakuwahi kuiona. Siku zote alibaki nyuma ya pazia na sindano yake.

"Uliniahidi," alinong'ona. "Leo hugombani na mtu. Ukizidiwa, gombana na mimi tukifika nyumbani."

"Nimenyamaza, dada."

"Kunyamaza kwako nakujua. Pua imeshatanuka."

Ni kweli aliahidi, na aliahidi kwa moyo. Kukataa kulikuwa kumemchosha kuliko kucheza. Alikuwa amekataa viatu, amekataa tabasamu la kubandika, amekataa wafadhili waliotaka apunguze hiki na kuongeza kile; na mtu aliyekataa sana huanza kujiuliza kama bado anatetea kitu, au amezoea tu kukunja uso. Huenda heshima ndiyo hii: kiti laini, maua, na neno moja jepesi.

"Sawa," akasema. "Wekeni muziki."

Neno lilitoka bila kukwama popote, na wepesi wake ndio uliomtisha.

Kamba alikuwa bado amesimama ukingoni mwa jukwaa. "Basi, Mama, tufumbue macho?"

Mama Vishindo akaukamata mkongojo wake, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kutafuta hewa. Njia ilipita katika karakana ya mandhari ya jukwaani, palipotengenezwa milango isiyoelekea popote na kuta zisizobeba paa. Alipiga hatua ya kwanza. Ko. Akasimama. Akapiga nyingine, kwa kisigino, na sakafu ikamjibu kwa sauti aliyoifahamu kama kikohozi cha mtu wa nyumbani. Akayasukuma maranda ya mbao kwa mguu. Chini yake palikuwa na duara la rangi nyeupe, limefifia. Alilipaka mwenyewe zamani, kuonyesha katikati ya jukwaa.

"Vipi, mama, umeangusha kitu?" aliuliza seremala, penseli sikioni.

"Mbao hizi umezipata wapi?"

"Za jukwaa hizo. Walitaka kuzichoma, nikazipigilia hapa. Sakafu ya udongo ilikuwa inanipa mafua."

"Naomba usogeze meza yako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimalize."

Meneja aliposikia kwamba dansi inahamia karakana alifika mbio, dada akimfuata. "Mama, wageni rasmi wakae kwenye maranda?"

"Yanafagilika."

"Tumetangaza jukwaa kuu!"

"Jukwaa kuu ndilo hili. Mlilihamisha wenyewe."

"Na nikikataa?"

"Basi waonyesheni mpira wenu, ni mzuri. Mimi na wachezaji wangu tutakuwa huku, mlango wazi."

Kisha akamgeukia dada yake, tayari kukaripiwa. "Nimevunja ahadi."

"Nimeona." Dada alikuwa ameshaokota ufagio. "Afadhali. Ile 'sawa' yako ilinitia homa." Akamkabidhi meneja ufagio wa pili. "Shika, baba. Wewe ni mrefu, anza na buibui wa kona ile."

Jioni watu waliingia kwa mlango wa nyuma. Baadhi yao, walipokosa viti vya mito, waligeuka wakaondoka, na safari hii Mama Vishindo hakuwasindikiza hata kwa macho. Waliobaki waliketi kwenye mabenchi na makreti, karibu mno na wachezaji kiasi cha kusikia pumzi zao. Dada yake, asiye na pazia la kujificha nyuma yake, aliketi mbele kabisa.

Kamba alifumba macho, akashusha unyayo.

Mbao zikaitika. Kishindo kirefu, vifupi viwili vilivyofuatana, kisha kituo kidogo kama cha uzi ulionasa, halafu mwendo ukashika tena. Ulikuwa mwendo wa chumba kimoja cha zamani, cha mtoto aliyelala chini ya meza ya cherehani huku juu yake dada akikanyaga pedali ili wote wawili wapate kula kesho. Mama Vishindo hakuwahi kumwambia mtu kwamba dansi yake ilizaliwa pale.

Dada alikaa wima, mikono mapajani. Kisha kisigino chake kikashuka chenyewe; kikafuata kidole. Kisigino, kidole. Alikuwa akikanyaga pedali isiyokuwapo, bila kukosea hata kile kituo.

"Sss!" mtu akamkemea kutoka nyuma.

Mama Vishindo akageuka taratibu, akamtazama mtu yule mpaka akainamisha macho. Halafu akauweka mkongojo chini, akainama, akaanza kumfungua dada yake kiatu.