Majani Ndani ya Mkate

Mama Mwiko alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni. Jina hilo walimpa wafanyakazi wa kiwandani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila mwiko mkononi, na wapo walioapa kwamba analala nao. Watu nao kwa kutia chumvi hawajambo. Lakini ulimi wa mama yule haukuhitaji kutiwa chumvi na mtu. Alionja mchuzi mara moja tu, akakuambia kitunguu kimeungua, na nani alikuwa anapiga soga kilipokuwa kinaungua.

Basi ulimi huo ukafa. Mafua makali yalimlaza kitandani, yakapita kama mafua yote yanavyopita, ila yaliondoka na ladha na harufu. Kila alichokula kikawa kama kutafuna kitambaa. Aliyelijua jambo hilo ni mtu mmoja tu: mke wa mwanawe, fundi cherehani, mwenye duka ng'ambo ya barabara. Kila siku kabla ya chakula cha mchana fundi alivuka, akasimama kwenye dirisha la jiko la kantini kama anayesalimia tu, akapokea kijiko na kunong'ona, "Ongeza chumvi, mama," au, "Limau limezidi." Ikaja siku fundi amebanwa na bibi harusi asiyeridhika na mikono ya gauni lake, akachelewa, na kiwanda kizima kikala wali uliotiwa chumvi mara mbili. Mama Mwiko aliomba likizo siku hiyohiyo, akasingizia mgongo.

Likizo nayo si ya milele. Jumapili ya mwisho, asubuhi, Mama Mwiko alimwita mkwewe jikoni.

"Leo tunaoka mkate wangu wa matunda," alisema. "Ule wa kuloweka matunda kwenye chai. Nimeuoka tangu mume wako hajaota meno. Ulimi wangu usipoujua huo, basi haujui kitu tena. Kesho nitaenda kukabidhi jiko, nirudi nyumbani nikae."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Niwapikie watu kwa kubahatisha?"

Fundi alimpenda mama mkwe huyu, kupenda kwa kweli, si kwa adabu tu. Alipoolewa hakujua kuchemsha hata yai, na yule mama hakumsimanga hata siku moja, alimvutia kiti, akamwambia, "Kaa hapo, angalia mikono yangu." Leo kumwona akizunguka jikoni mwake mwenyewe kama mgeni anayetafuta glasi kulimuuma fundi kuliko alivyoweza kusema.

Wakaanza kazi. Zabibu kavu, tende zilizokatwakatwa, maganda ya chungwa yaliyokaushwa na sukari ya kahawia viliingia kwenye bakuli kubwa. Mama Mwiko alikuwa mlangoni anachekecha unga, akaagiza kutoka hukohuko, "Chemsha maji, weka majani mengi, yawe meusi tii."

"Majani yako wapi?"

"Kabatini, kwenye kopo."

Kabatini mlikuwa na makopo mawili yanayofanana kama mapacha, na fundi akachukua la mbele. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na ukitaka kumlaumu mtu, ilaumu lugha yetu, ambayo ya chai inayaita majani, ya mti nayo inayaita majani, halafu inakuachia mwenyewe ujijue. Kopo la mbele lilikuwa la baba mkwe, dereva mstaafu mwenye tumbo la malalamiko. Humo alikuwa ameweka majani ya dawa, aliyoyakausha na kuyaponda mwenyewe, machungu kiasi kwamba hata yeye huyanywa amefumba macho. Fundi aliona harufu si ya kawaida. Akajisemea kwamba siku hizi mama ananunua majani ya ovyo, akanyamaza kwa heshima, akaimimina chai juu ya matunda. Na Mama Mwiko, ambaye zamani angeyanusa akiwa bado getini, aliinama juu ya bakuli, akatazama rangi, akasema ni nzuri.

Matunda yalilowa humo hadi yakavimba. Alasiri wakatia mayai, unga, baking pauda na mdalasini. Siagi hapana, mafuta hapana. Unyevu wa mkate huu unatoka kwenye matunda yenyewe. Fundi alitaka kulamba mwiko, akapigwa kikofi cha mkono, kwa kuwa jikoni mwa Mama Mwiko unga mbichi haulambwi. Wakaumimina mchanganyiko kwenye bati la kuokea, wakauweka kwenye oveni kwa moto mdogo, wakasubiri. Ulipoumuka na kushika rangi, fundi aliuchoma katikati kwa sindano yake ya kufumia. Ilitoka kavu.

Kwa kuutazama, mkate ulikuwa mzuri. Ulikuwa umepasuka kidogo juu, na zabibu zilikuwa zinachungulia kwenye ufa. Fundi aliwaita mumewe na baba mkwe mezani. Mama Mwiko aliukata mwenyewe, akamwekea kila mtu kipande, chake akakiacha sahanini.

"Kuleni nyie kwanza," alisema.

Mwanawe aling'ata, akatafuna mara mbili, akasita. Machozi yalimlengalenga. "Mtamu, mama," alisema, na kumeza kwa shida.

Fundi naye aling'ata, na uchungu ukampanda hadi masikioni. Hapo hapo akaelewa. Alimtazama baba mkwe, ambaye alikuwa anatafuna taratibu kwa uso wa mtu anayejaribu kukumbuka jambo, akamkanyaga mguu chini ya meza ili asifungue mdomo. Alibaki mama tu kuonja. Uchungu huu ungemwamsha maiti. Mama akiutafuna na kusema hasikii kitu, basi yameisha, wala hakutakuwa na maneno ya kumfariji. Fundi alitamani amnyang'anye sahani, na alitamani amsukumie kinywani.

Mama Mwiko alikuwa ameshaweka kipande mdomoni. Akatafuna. Uso wake haukusema lolote. Akatafuna tena, polepole, na katikati ya nyusi pakajikunja kidogo.

"Mchungu," alisema.

Alikitazama kipande kilichobaki mkononi.

"Mchungu huu. Hapa nyuma, karibu na koo." Aling'ata tena, safari hii tonge kubwa, kama mwenye njaa. "Hii si chai. Nani ameweka nini humu?"

"Ni majani yangu," alisema baba mkwe, aliyekuwa ameshindwa kuvumilia, "na mguu wangu mwambieni fundi auachie."

Fundi alikuwa hasikii tena habari za mguu. "Mama, uchungu unausikia?"

"Nausikia, mwanangu. Nausikia."

Kila mtu akainuka kwa wakati mmoja. Mwanawe alileta chumvi, akaweka punje chache kwenye kiganja cha mama yake. Mama akalamba, akaitikia kwa kichwa. Fundi alileta limau, na uso wa mama ukakunjamana vizuri kabisa. Sukari ilikuja kwa mbali, alisema, kama mtu anayeita kutoka nyumba ya tatu, lakini ilikuja. Mdalasini bado. Haidhuru, chumvi na limau vinatosha kuanzia, kesho anakwenda kazini. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kisha akaanza kulia waziwazi mbele ya watoto wake, na mzee akasogeza kiti chake karibu na cha mkewe.

Fundi alipiga magoti pembeni yake. Yeye pia alikuwa analia.

"Nisamehe, mama. Mkate wako nimeuharibu."

"Umeuharibu kabisa," alisema Mama Mwiko, akajikatia kipande kingine.