Swali Nyuma ya Migomba

Tupokigwe alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuuliza. Ugumba aliobandikwa miaka sita pale kijijini Masoko haukuthibitishwa na mtu yeyote, ila mashangazi wa mumewe walikuwa na hakika nao. Eti mwaka wa kwanza wa ndoa aligongana njiani na baba mkwe wake, hakuwahi kujificha, mwiko ukamfunga tumbo. Kwao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hata jina lake halitaji. Na sasa mzee alikuwa amekwisha kumchumbia mwanawe binti wa kijiji cha Masukulu, aje awe mke wa pili mavuno ya kahawa yakiisha.

"Basi tukapime kabla hajaja," Tupokigwe alimwambia mumewe, Asajile.

Mwaka ule wa tisini na tatu zahanati za watu binafsi zilikuwa zinaota kama uyoga, na moja ilifunguliwa Tukuyu mjini, mtaa wa Bagamoyo. Asajile akacheka. "Mimi nipimwe nini? Nalima, nakula, nalala."

Tupokigwe akaenda peke yake. Daktari alimpima mara mbili, hakuona kasoro. Kisha akauliza: je, mumeo aliwahi kuugua matumbwitumbwi ujanani, yakamshukia mpaka kwenye korodani? Tupokigwe hakujua. Alipomuuliza Asajile, akajibu hakumbuki, akageukia ukutani. Mama yake Asajile alishafariki. Aliyebaki kujua alikuwa mtu mmoja tu duniani, na huyo ndiye haruhusiwi kusemeshwa.

Siku tatu swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku ya nne akamsikia mzee akikohoa upande wa pili wa migomba, anapogoa majani makavu. Tupokigwe akajifunika khanga kichwa kizima, akampa mgongo, akasema na mgomba.

"Wewe mgomba, kijana wa nyumba hii aliwahi kuvimba mashavu?"

Panga likanyamaza. Loo, alivyojuta!

"Mgomba, mwambie alivimba," mzee akasema hatimaye. "Alikuwa darasa la saba. Mashavu, halafu na huko chini. Wiki mbili alitembea kama bata. Kwani ina nini?"

Miaka sita! Hakuna aliyewahi kumuuliza mzee, na mzee mwenyewe hakujua kama alikuwa na jibu. Tupokigwe alitaka kucheka, akataka na kupiga mayowe. Akamweleza mgomba yote aliyosema daktari, kwamba ugonjwa ule huweza kuua mbegu za mwanamume, na mzee akasikiliza mpaka mwisho. Jioni ile alimwita mwanawe. Walichozungumza Tupokigwe hakukisikia, ila kesho yake Asajile alivaa shati la kanisani wakaenda Tukuyu.

Asajile alikabidhi kichupa cha mbegu zake huku anatazama dari. Daktari alipomaliza kupima, Tupokigwe akaomba naye achungulie kwenye hadubini.

"Mama, wewe!" Daktari akacheka, akampisha.

Aliona duara la mwanga na vidoa vyenye mikia, vichache, vimetulia tuli. Akangoja. Hakuna kilichocheza.

"Unaona nini?" Asajile aliuliza nyuma yake, kwa sauti ndogo.

"Hazitembei, mume wangu."

Daktari akasema watarudia kipimo baada ya miezi mitatu, na kwamba Dar es Salaam kuna mabingwa. Pengine watasaidia, pengine hapana. Tupokigwe akauliza maswali kumi: dawa gani, upasuaji gani, na nchi za watu wanafanyaje? Asajile hakuuliza hata moja.

Nje akasimama. "Nilikumbuka," alisema. "Siku uliponiuliza, nilikumbuka. Niliogopa."

"Nimeitwa mgumba mpaka kanisani, Asajile!"

"Najua. Nisamehe."

Hasira ilimpanda Tupokigwe. Asajile akageuka, lakini hakushika njia ya kwao.

"Unakwenda wapi?"

"Masukulu, kwa wazazi wa yule binti. Asije akaitwa hivyo na yeye."

Tupokigwe alikuwa na hasira ya kutosha kumwacha aende peke yake. Akamfuata, alitaka kusikia atakavyosema.