Bakuli la Kanisa

Verlyn alikuwa akikwangua barafu kwenye ngazi za mlango wa nyuma wakati Orrin, mume wake waliyemzika juzi, alipoingia uani na bakuli la nyama ya kusaga na viazi. Alivaa suti ile ile aliyozikwa nayo.

"Pisha, linaniunguza," alisema Orrin.

Verlyn akampisha. Ndani, Orrin alipakua sahani mbili ingawa yeye alidonoa tu.

"Umejipikia mwenyewe chakula cha matanga yako?" Verlyn aliuliza.

"Ungekula nini, bwana? Friji haina hata yai."

Katika mji wao mdogo wa Minnesota, mtu akifiwa na mwenzi wake, akina mama wa jiko la kanisa humletea chakula mpaka akinai. Orrin alikuwa amewapikia wafiwa wa pale miaka nenda miaka rudi. Kwa Verlyn, mwanamume aliyefiwa na mume, hakuja mtu. Wala hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo lililomuuma. Bernice, mmoja wa akina mama hao, alisema yeye hana neno, ila Ardis, mkubwa wa jikoni, angenuna. Ardis alisema yeye hana neno, ila mchungaji. Mchungaji naye hakuwa na neno, ila aliwaogopa waumini wake, yaani Bernice na Ardis.

Basi Orrin akawa anakuja kila jioni. Mji ukamzoea. Walimuuliza kama huko nako kuna baridi, na dereva wa gari la kuondoa theluji akawa anampa lifti hadi kona ya makaburi.

Jumapili Ardis alibisha hodi. Verlyn alimwona dirishani, akachana nywele haraka, akafuta meza na kuacha nafasi katikati. Alipofungua, Ardis alikuwa mikono mitupu.

"Orrin yupo?"

"Yuko jikoni."

Ardis akaingia, akamsalimia Orrin vizuri, akaisifu suti. Kisha akamgeukia Verlyn.

"Huyu mpangaji wako kachukua bakuli la kanisa. Tunalihitaji, mume wa Lorna kafariki. Maskini, kabaki peke yake."

"Na mimi mume wangu kafariki, Ardis."

"Mimi sina neno, Verlyn. Unanijua."

Verlyn aliliosha bakuli huku machozi yakimtoka. Orrin akalifuta kwa kitambaa, kama walivyozoea kugawana kazi. Ardis aliwashukuru wote wawili, akashuka ngazi polepole asiteleze.

Kesho yake jioni Orrin alileta chakula kwenye sufuria.