Bi Harusi Haketi

Kwetu Gjakova bi harusi haketi. Majuma ya mwanzo husimama kando ya mlango wa sebule, mikono imekutana tumboni, macho chini, atazamwe na kila mwenye macho. Wageni wakinywa kahawa yeye anawasubiri na sinia, wakimaliza anakusanya vikombe, kisha anakwenda ukumbini kugeuza viatu vyao vielekee nje, ili mgeni akiaga atumbukize mguu tu na kwenda zake. Nyumba nyingi zimeshaachana na mambo haya. Mama yangu, Hajrije, hakuachana nayo. Yeye alisimama enzi zake, na mtu aliyesimama hapendi kuambiwa kwamba angeweza kukaa.

Basi kaka yangu Burim akamwoa Njomza mwezi wa Agosti, ndugu wote wamerudi kutoka Uswisi na magari yao ya kujionyesha. Mimi, dada mtu ambaye sijaolewa na ambaye kila shangazi anataka kujua kwa nini, nilipewa kazi ya kumfundisha bi harusi mambo ya nyumba. Nilimpenda siku ya kwanza kwa sababu alikuwa na ulimi. Mama alimpenda kwa sababu ya soksi. Katika joto lile Njomza alivaa soksi nzito zenye kubana mpaka mapajani, na mama akawa anawaambia majirani, "Mmeona binti mwenye haya? Hata kifundo chake cha mguu hakioni jua."

Chumvi ndiyo iliyonitia shaka. Aliitia kwenye kila kitu, hata kwenye mtindi. Halafu asubuhi moja nikamkuta jikoni amelala chali sakafuni, miguu juu ya kiti, na pembeni yake bilauri aliyokuwa amenywea maji ya jibini, yale ya chumvi ambamo jibini letu hulala ndani ya ndoo.

"Wifi," nikamwambia, "kama sakafu yetu ni tamu kiasi hicho, nikuletee mto?"

"Lete," akasema. "Na ufunge mlango."

Nikaufunga. Akanieleza akiwa pale pale chini. Akisimama kwa muda, damu yake hushuka miguuni na kugoma kupanda. Moyo unakwenda mbio, macho yanaingia giza, na baada ya hapo mwili mzima unachoka hata kuchana nywele ni kazi. Alikuwa nao ugonjwa huo tangu anasoma, na una jina refu ambalo hata daktari wa Prishtina alilisoma polepole. Dawa ya kuuondoa hakuna. Kuna chumvi, maji mengi, zile soksi, na kukaa.

"Lakini mbona mashavu yako yananawiri hivyo?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo shida yangu. Ningekuwa na bandeji kichwani mngenihurumia. Daktari wa kwanza aliniambia ni mawazo. Wa pili akaniambia niolewe, yatakwisha. Nimemtii wa pili, na niko sakafuni."

"Burim anajua?"

"Anajua tangu tunachumbiana. Amesema yeye ndiye atakayemwambia mama yenu."

Tulicheka sote. Kaka yangu ni mtu mwema sana, ila mama akimkazia macho hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwenye gari.

"Basi mwambie wewe mwenyewe, wifi."

"Mama yangu alinionya. Alisema nikifungua mdomo kabla hamjanizoea, mtasema mmeletewa mtu mbovu, na nitarudishwa na sanduku langu." Hapo hakuwa akicheka tena. "Nampenda ndugu yako, Vjollca. Sitaki kurudi."

Nikaenda, nikamletea mto.

Jumapili ile akaja Shangazi Zyrafete, dada wa marehemu baba, mwanamke ambaye akiingia kwako hupitisha kidole juu ya kabati kabla hajakusalimu. Alikuja na majirani wawili. Njomza akasimama mahali pake na sinia. Shangazi alianza kusimulia harusi ya mtu mwingine, sahani kwa sahani, na mimi nikawa namwona wifi yangu anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, jasho likimtoka chini ya kilemba.

"Shangazi, kahawa itapoa," nikasema.

"Naipenda iliyopoa," akasema Shangazi, na kurudi kwenye nyama ya kuchoma.

Hatimaye wakamaliza. Njomza akavipokea vikombe, akaenda ukumbini, akainama kugeuza viatu. Tulisikia kishindo. Tulipofika alikuwa amelala katikati ya viatu, kimoja cha Shangazi bado kiko mkononi mwake. Macho yalikuwa yameanza kufunguka.

Nilitegemea makelele. Badala yake Shangazi Zyrafete akatabasamu, jambo ambalo halitokei kila mwaka.

"Hajrije," akasema, "hongera."

Mama akashika kifua. "Kumbe ndiyo maana ndoo ya jibini imekauka," akasema taratibu. "Nami namsingizia paka."

"Jamani, harusi yenyewe haijamaliza mwezi," nikasema.

"Kwani nini?" Shangazi akaniuliza. "Burim ni wa ukoo wetu."

Njomza alifungua mdomo kusema, lakini kiti kilikuwa kimeshafika. Nyuma yake ukafika mto, kikafika kigoda cha miguu, na jirani mmoja akaanza kumpepea kwa gazeti. Wifi yangu akakaa. Nilimwona anavyovuta pumzi mpaka tumboni, rangi inamrudia usoni. Akanitazama, akaufunga mdomo wake, na mimi sikumlaumu hata kidogo.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu kupita kiasi. Bi harusi akiwa ameketi, wageni waligundua kwamba ana maneno, tena ya kuchekesha. Mama alimmenyea tini. Alimtilia chumvi mwenyewe, akisema mtoto anaitaka. Alipiga simu Uswisi, alipiga simu Ujerumani, na yule wa Ujerumani akampigia wa Uswidi. Burim alipewa hongera na kinyozi, akarudi nyumbani ndevu zimenyolewa nusu.

"Wifi, huyu mtoto anazaliwa lini?" nikamuuliza Njomza tulipobaki peke yetu.

"Namwomba asiwe na haraka," akasema. Kisha akautoa mto mgongoni na kuuweka mapajani. "Kila wanachoniletea kinanichoma, Vjollca. Mama yako ananiangalia kwa upendo kweli kweli, na mimi sipo mahali anapoangalia."

Mambo yaliharibika kwa sababu ya susu ya mtoto. Mama aliiteremsha kutoka darini, ile ya mbao nyekundu alimolazwa Burim na kabla yake mimi, akawa anaisugua uani huku akiimba. Mama yangu haimbi. Njomza alimtazama kidogo kutoka dirishani, akavaa kandambili, akashuka. Mimi nikamfuata mbio.

"Mama," akasema, "acha kusugua. Hakuna mtoto. Hakuwapo hata siku ile."

Akamwambia yote, ameishikilia ile susu asianguke: damu, moyo, soksi, chumvi. Mama alisikiliza na brashi mkononi, povu likimdondokea miguuni.

"Na Burim anajua?"

"Anajua."

Mbele ya nyumba tukasikia gari likiwashwa.

"Mimi nilisimama," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Nilisimama na homa, mama mkwe ananiona natetemeka. Hakuna aliyeniletea kiti."

"Najua, mama. Na mimi mlinisimamisha. Halafu mkaniletea kiti, na mto, na kigoda cha miguu, kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo." Njomza alikuwa analia sasa, lakini hakutazama chini. "Mimi nipo."

Mama aliweka brashi ndani ya ndoo, akaingia jikoni, akafunga mlango. Tukaanza kusikia sufuria zinavyopigwa. Njomza alipanda chumbani, na nilipomfuata nilikuta sanduku lake liko juu ya kitanda, limefunguliwa.

"Usiwe na haraka," nikamwambia. "Mama hupiga sufuria hata akiwa na furaha."

Nilikuwa namdanganya. Niliogopa, na niliona aibu kwamba katika nyumba yetu wenyewe sikujua mama yangu angefanya nini.

Hata sanduku halijajaa, mlango ukagongwa. Alikuwa Shangazi Zyrafete na wale majirani wawili, mkononi ana viatu vidogo vya sufu alivyovifuma mwenyewe. Nikaweka kahawa jikoni. Mama alikuwa anakata vitunguu, hakuniangalia. Nilipotoka na sinia nilimkuta Njomza amekwisha kushuka. Alikuwa amesimama kando ya mlango wa sebule, mikono tumboni, macho chini, kama siku ya kwanza. Mashavu yake yalinawiri. Ungemtazama usingeona kitu.

Mama akaja nyuma yangu anajifuta mikono. Alisimama akamtazama mkwewe muda mrefu, kutoka juu mpaka kwenye zile soksi. Kisha akaenda pembeni, akakivuta kile kiti mwenyewe.

"Keti," akasema.

Njomza akaketi.

"Na mtoto anaendeleaje?" akauliza Shangazi, akining'iniza vile viatu vya sufu.

"Hakuna mtoto," mama akasema. "Tulikosea."

Shangazi alikitazama kiti, akamtazama bi harusi, akamtazama mama. "Hakuna mtoto? Sasa huyu amekaa kwa nini?"

"Kwa sababu yuko kwake," mama akasema. "Wewe ndiye mgeni, Zyrafete. Anayengoja kuambiwa akae ni wewe."

Shangazi alibaki katikati ya sebule, na majirani wawili nyuma yake, hakuna anayejua pa kuweka mikono. Mama hakuwaambia wakae. Alikunja mikono yake, akamtazama Njomza, akasubiri. Ilimchukua wifi yangu muda kuelewa kwamba anasubiriwa yeye.

"Karibu, shangazi," akasema. "Keti."