Kompyuta ya Chengo na Mwezi wa Idi

Mimi Mwanatatu sikujaliwa subira, na mwaka ule wa tisini na nane hata ile kidogo niliyokuwa nayo ilimalizwa na kalenda. Tulikuwa wawili katika biashara ya kupikia watu harusi: mimi nyumbani kwangu Likoni na biriani, shoga yangu Mbeyu kwake Bombolulu na keki. Kila mtu na kalenda yake ukutani, kila mtu na tarehe zake. Kuna harusi wali ulifika leo, keki ikafika kesho.

Ndipo Chengo, muuza kompyuta kuukuu, akatuletea mbili tuzijaribu. "Barua pepe ya mteja ikiingia, mashine inaandika tarehe kwenu nyote wawili," alisema. "Hamtagombana tena." Mimi moyoni nilishanunua. Mbeyu alisema tuione kwanza ikifanya kazi.

Barua ya kwanza ilitoka kwa Bi Mastura wa Nairobi. Anamwoza bintiye Kisauni, tarehe kumi mfungo mosi, Ramadhani ikishapita. Harusi kubwa! Tukiiweza, tutaitwa kila nyumba. Tukiiharibu, turudi kukaanga viazi. Mashine, ambayo Chengo aliitia sikukuu zote za mwaka, ikaandika Jumamosi.

Idi nayo iliiandika Alhamisi. Mbeyu ni Mgiriama na Mkristo, akaiamini. Alhamisi asubuhi akavuka feri na keki kuja kunipa mkono wa Idi, akanikuta nimefunga! Mwezi haukuonekana, tulikuwa tunakamilisha thelathini. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, keki nikaifunika hadi kesho yake. Kisha nikasahau.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, mbuzi walikuwa wamefungwa uani na mchinjaji ananoa kisu. Mbeyu akaingia mbio, mikono ina unga mpaka viwikoni.

"Dada, usichinje!"

"Una nini wewe? Harusi si kesho?"

"Simu yako haishiki tangu asubuhi."

Ingeshika vipi, na kompyuta imekalia laini ikivuta barua? Wallahi nilitamani kuitia chunguni.

"Nilikuwa nakoroga keki," Mbeyu alisema akihema, "nikakumbuka ile ya Idi. Idi yenu ilisogea siku moja. Na kumi ya mfungo mosi je, haikusogea? Mashine imeiacha palepale. Nimepita Kisauni kwa jamaa za Bi Mastura nikauliza. Harusi ni Jumapili."

Nikakaa juu ya gunia la mchele. Mimi niliyeifunga ile siku ya thelathini kwa tumbo langu mwenyewe, nimekumbushwa mwezi na Mbeyu. Ningepika siku ile, biriani ingewakuta watu wangali wanafunga maturubai, na Jumapili ingekuwa imechacha. Nilimkumbatia na unga wake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Mungu alinipa wangu ng'ambo ya kivuko. Nilimwambia hivyo, na machozi yale hayakuwa ya vitunguu.

Jumapili Kisauni ilikula ikasaza.

Chengo aliporudi, tulibakiza moja tu, ya barua pepe, maana jamaa za Bi Mastura walishaanza kutuandikia. Tarehe tulizirudisha ukutani, kwenye kalenda mbili za aina moja. Kila mwezi ukiandama nampigia Mbeyu simu, tunazijaza pamoja.

Ramadhani iliyofuata, jioni ya ishirini na tisa, nilitoka uani kuutazama mwezi. Likoni ilikuwa mawingu matupu. Nikarudi ndani nimenuna, na kabla sijakaa simu ikalia.

"Dada, umeandama!" Ilikuwa sauti ya Mbeyu, na nyuma yake nilisikia watoto wa jirani wakipiga vigelegele. "Nilikuwa nje na majirani, tumeuona sote. Tanuri nawasha alfajiri, keki naileta kesho asubuhi. Mwaka huu utaila ikiwa moto."