Tende ya Mtoto wa Bashira

...na haikai mahali pake dawa hii, kila akiipaka inapanda kwenye masharubu na kuganda pale, nyeupe, utasema mtu kanywa maziwa kasahau kujifuta, na Zahor akainama tena kwenye kioo kidogo cha bafuni kwa dada yake Bashira, hapa Bububu, akajipangusa kwa ncha ya leso, taratibu, maana pakiguswa panachoma, kisha akakamua tyubu, akatoa tone jengine, dogo, akalishika kwenye ncha ya kidole na asilipake, akayatazama malengelenge yaliyojikusanya pembeni mwa mdomo, juzi pakiwasha tu, jana vipele, leo vimejaa maji na viwili vishapasuka, na nje ya mlango sauti ya Bi Bahiya, mama mkwe wa Bashira, "Maalim bado anatawadha? Mwambieni tende ishaoshwa, ishatolewa na kokwa," na mwanamke mwengine akacheka, "Mwacheni, wanavyuoni wana udhu mrefu," na yeye akajibu, "Nnakuja, Bi Bahiya, nnakuja," akashangaa sauti yake ilivyotoka nzuri, sauti ya maalim, sauti ya mtu asiye na lolote... tende moja tu, na kazi yenyewe ndogo, aitafune mpaka ilainike, aitoe kinywani mwake kwa kidole, aipake kwenye kaakaa la mtoto na kumuombea, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba yao kwa kila mtoto aliyezaliwa ukoo huu, na mwaka huu baba hayupo, na Bashira kakataa katakata mtu mwengine, kasema simba wa ukoo angali hai, kaka yangu yupo, na mumewe Muhannad kamfuata mjini mwenyewe kwa gari, njia nzima anatazama mbele kwa furaha hata hakumwona mdomo, au kamwona kanyamaza, Muhannad ni mtu wa adabu, na Zahor njia nzima kaufunika mdomo kwa leso, anajikohoza kikohozi cha uongo... kikohozi! mtu anakwenda kumwona mtoto wa jana na anataka watu wadhani ana kikohozi, kwa kuwa kikohozi hakina aibu, kikohozi kila mtu anacho, lakini hiki, hiki kina maneno, si Msabah kinyozi aliwahi kusema, yule mteja alipotoka na mdomo wake umechubuka, "Huyo kaonja pasipo pake," na kibaraza kizima kikacheka, na Zahor naye, na ndevu zake na kofia yake, alicheka mpaka akajifuta machozi, na yeye anajua, tangu utoto wake anajua, kila akipata homa au akichoka sana au akikaa juani vinamtoka, na hajaonja pasipo pake hata siku moja, Mungu ndiye shahidi wake, ila nani atamuuliza Mungu, watu watamuuliza Msabah... yeye mwenyewe alimwambia mkewe buibui kamkojolea usingizini, mkewe akamtazama, "Buibui gani huyo, na nyumba nafagia asubuhi na jioni?" akaondoka na sahani zake, hakuuliza tena, na kule kutouliza kwake kumemkaa kooni tangu jana... na yule binti wa duka la dawa Darajani, mpole, kajifunga mtandio wake vizuri, kosa lake sauti tu, sauti kama anaita abiria, "Maalim, hii ni dawa ya kirusi, ya kupaka, paka mapema pakianza kuwasha, unawe mikono kabla na baada, ila inavipunguza tu, kirusi chenyewe hakitoki mwilini," na nyuma yake mama wa mwanafunzi wake anasubiri panadoli, anasikia yote, neno kirusi limejaa duka zima, akalipa, akatia tyubu mfuko wa kanzu, akatoka mbio hata kuaga hakuaga, na binti akamwita, "Na watoto wachanga, Maalim, usi..." na pikipiki ikapiga honi mlangoni, na yeye akaingia kichochoroni, hakusikia, pikipiki ilipiga honi, hakusikia mwisho wake... "Kaka Zahor!" Sasa Bashira mwenyewe, sauti nyembamba, ya mtu aliyechoka aliyefurahi, "Mtoto anafumbua macho, njoo uyaone yanavyofanana na ya baba!" "Nnakuja, dada," na akalipaka lile tone, likapoa, kisha likachoma, na akajiambia ndiyo hivyo, dawa inafanya kazi, inaua, dawa ya kirusi haiwi dawa kama haiui kirusi, pengine kishakufa hapa mdomoni, kimebaki kidonda tu, kidonda kitupu, na tende ataitafunia upande wa kushoto, mbali napo, atatumia magego... inavipunguza tu... atatumia magego, na mate yanatembea, Zahor, mate hayana ukuta... basi aseme amefunga, leo ni Alkhamisi, siku ya funga ya sunna, atasema nimefunga, Bi Bahiya, siwezi kutafuna, na watamwitikia mashallah, na mtu atatafuta mwengine, na yeye atatoka hapa na kofia yake haijapinda, tena na thawabu ya bure juu ya kichwa, ila sasa hivi tu barazani kapewa kahawa ya tangawizi na kanywa vikombe viwili mbele ya Bi Bahiya huyohuyo, subhanallah, hata uongo wenyewe keshauharibu kwa tumbo lake, na hata angekuwa hakunywa, Bashira angesema basi tutangoja magharibi, kaka, ukifuturu, futuru na mwanangu, angengoja, yule angengoja hata kesho, angeikalia ile tende... na akifika atapewa mtoto, na mtoto akipewa mjomba wake hubusiwa, huo ndio ulimwengu, nani hupewa mtoto akamrudisha bila ya kumbusu, na kahawa, vile vikombe, viko wapi, nani kavichukua... na hapo ndipo alipokikumbuka kikombe chake cha nyumbani, kile cha bluu, juzi usiku kakiosha mwenyewe na kukiweka juu ya kabati, mbali na vikombe vya watoto wake, na taulo lake kalitundika peke yake, na alipokuja kitindamimba wake kutaka kubusiwa kabla ya kulala akamgeuzia utosi, akamwambia baba anaumwa leo... kwa hivyo alijua, mtu ambaye hakusikia hafichi kikombe, alisikia, pikipiki ilipiga honi baadaye, baada ya neno lenyewe, usimbusu, hata kwa mbali, mtoto mchanga kinampanda kichwani kinamuua, alilisikia lote pale mlangoni na ndipo akakimbia, na siku mbili nzima kaibebesha pikipiki ya watu dhambi yake, watoto wake mwenyewe kawakinga kimyakimya bila ya mtu kujua, na huyu wa Bashira alikuwa tayari kumtemea tende mdomoni kwa sababu huku kuna watu wanatazama... Bashira aliyeharibikiwa na mimba mbili, Bashira aliyezaa yule mvulana wa kwanza akaishi siku tatu, hakufika hata siku ya kupewa jina, na aliyemuosha ni yeye Zahor, kwa mikono hii, baba alitetemeka hakuweza, akamuosha katika beseni la kufulia nepi, maji ya uvuguvugu, kichwa chake chote kimeenea kwenye kiganja, na midomo, alikumbuka midomo ile, midogo, imekaa wazi kidogo kama inataka kunyonya, na alimfuta kwa pamba na moyoni akasema ewe Mola laiti ningelikuwa na kitu cha kumpa, chochote, na sasa kaletewa mwengine, mzima, anafumbua macho, na kitu anachoweza kumpa ni kutokumgusa tu, hicho tu, na bei yake ni Bi Bahiya kusikia, na mwanamke anayecheka kusikia, na kesho Mji Mkongwe wote, na Msabah, waseme basi, waseme kaonja pasipo pake, Msabah aseme mpaka wembe wake uote kutu... uso ulimwaka moto, masikio pia, katika kioo akajiona anatoka jasho juu ya dawa, mwanamume mzima, baba wa watoto wanne, anaogopa wanawake watatu na tende, na aibu haikupungua, alingoja ipungue kwanza ndipo aseme, na haikupungua, na akaona kuwa haitapungua, kwamba kama anangoja hiyo atazeekea humu bafuni, na mlango ukagongwa, kwa kucha tu, polepole, ni Bashira, katoka kitandani na uzazi wake wa jana, "Kaka, una nini humo ndani? Mbona umekaa? Unaumwa?"

"Naam," alisema Zahor, na sauti haikuwa ya maalim, ilitoka ndogo, imekwaruza. "Naumwa, Bashira. Nna vidonda mdomoni, vya kirusi, vinaambukiza, na kwa mtoto mchanga ni hatari. Usinipe mtoto. Tende mpe Bi Bahiya aitafune, na vikombe nilivyonywea viosheni kwa maji ya moto. Na mtu yeyote mwenye kidonda kama changu asimbusu mwanao, hata awe nani."

Kisha, kutoka upande wa kitandani, Bi Bahiya akauliza kwa sauti, "Kasemaje Maalim? Sikumsikia," na Bashira alikuwa bado kasimama palepale nyuma ya mlango, na Zahor akavuta pumzi alirudie neno lile, kwa sauti ya kufika chumba kizima.