Shahidi Mwenye Pengo

Fundi alimchukua shemeji yake awe shahidi, na hapo ndipo alipojichimbia kaburi kwa sululu yake mwenyewe.

Ombi lake la hataza, ile hati ya kulinda uvumbuzi, lilikuwa mezani kwa mkaguzi: mashine ya mazoezi ya kuvuta chuma, yenye breki. Ukichoka ukaachia mpini, haurudi kukupasua uso. Unaganda palepale kama mwizi aliyemulikwa tochi. Miaka saba aliihangaikia. Kiwanda kimoja kilishamwambia: ukipata hataza tutanunua kwako, ukikosa tutatengeneza bila wewe.

Mkaguzi, mama mwembamba asiye na haraka, alitandaza michoro miwili ya zamani.

"Huu ni wa mashine ya kuvuta. Huu ni wa breki ya baiskeli. Fundi wa kawaida akiwekewa hivi viwili, asingeviunganisha mwenyewe? Kama angeweza, wewe hujavumbua kitu."

"Asingeweza, mama. Muulize huyu. Anachomelea vyuma mwaka wa ishirini sasa, na alijaribu."

Shemeji akajiweka sawa kitini. Tangu fundi amuoe dada yake, wawili hawa ni kutaniana tu, na shemeji hajawahi kukubali kushindwa hata kwenye karata.

"Hii? Ningeianza asubuhi, saa sita nikaenda kula."

"Shemeji, acha utani. Si ulihangaika nayo wiki tatu, mpini ukakung'oa jino?"

Mkaguzi aliinua kalamu, akalitazama lile pengo la mbele. "Ni kweli?"

Shemeji akafumba mdomo, akaufumbua. "Hili alilitoa daktari. Lilioza. Napenda sukari."

Mkaguzi akaandika, huku akijisomea: "Ni jambo la wazi kwa fundi wa kawaida."

"Hapo kwenye kawaida, mama, ungeweka hodari."

"Ukiwa hodari kuliko fundi wa kawaida, shemeji yako anapata hataza." Akafunga faili, akamgeukia fundi. "Asante kwa kuniletea shahidi. Nilikuwa nimeshaanza kuegemea upande wako."

Kwenye ngazi, shemeji alimpiga fundi begani. "Yule mama alitaka kuniumbua. Kanikosa." Wakashuka vidato viwili vitatu. "Halafu kile kiwanda, kikianza kuzitengeneza, si kitataka wachomeleaji? Hebu nipe namba yao."

Fundi akamtajia, tarakimu moja moja. Alikuwa ameikariri.